Vikombe viwili vya mkojo: cheti cha afya na kipimo cha dawa za kulevya kwa madereva wa mizigo Marekani

Dereva anayetafuta kazi ya mizigo Marekani anaweza kutakiwa mkojo mara mbili, pengine katika kliniki ileile na asubuhi ileile, akatoka akidhani amefanya jambo moja. Kikombe cha kwanza ni cha uchunguzi wa afya. Huchovywa kijiti papo hapo kuangalia protini, damu, sukari na jinsi mkojo ulivyokolea, dalili ambazo huelekeza kwenye figo na kisukari. Bangi wala kokeni haitafutwi humo. Kikombe cha pili ndicho kinachokwenda maabara, kina fomu na mihuri yake, na kanuni zake ni nyingine kabisa.

Kinachoamua nani anadaiwa kipi ni uzito wa gari. Hutazamwa kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji kwenye kibandiko cha mlangoni, na kama gari limepakiwa kupita hapo, uzito halisi. Kuanzia ratili 10,001 (kilo 4,536 hivi), katika biashara ya kati ya majimbo, dereva lazima awe na cheti cha afya. Kuanzia ratili 26,001 inahitajika leseni ya CDL, yaani ya magari makubwa ya biashara, na hapo ndipo kinapoingia kipimo cha dawa cha DOT, wizara ya uchukuzi ya serikali ya shirikisho. Lori nyingi za boksi za futi 26 hutengenezwa makusudi zisivuke ratili 26,000, kwa hiyo anayeziendesha anadaiwa cheti lakini hayumo kwenye kipimo cha DOT. Kampuni inaweza kumpima kwa utaratibu wake yenyewe. Tahadhari moja: mzigo uliotoka jimbo jingine unaweza kuhesabiwa kuwa wa kati ya majimbo hata kama wewe umeuchukua ghalani na kuuteremsha mtaa wa pili.

Mchunguzi wa afya lazima awe kwenye orodha ya taifa ya FMCSA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori. Daktari wa familia asiyekuwamo, hata akiwa bingwa, hawezi kutoa cheti hicho. Kila jicho lifikie uwezo wa kuona wa 20/40, kwa miwani au bila miwani, na dereva atofautishe nyekundu, kijani na njano ya taa za barabarani. Aliyepungukiwa jicho moja hajafungiwa mlango: tangu Machi 2022 ipo njia mbadala, inayohitaji ripoti ya daktari wa macho. Sikio lililo bora lisikie mnong'ono kwa umbali wa futi 5.

Wengi hukwama kwenye presha. Chini ya 140/90, cheti kinaweza kuwa cha miaka 2. Kuanzia hapo hadi 159/99, wachunguzi kwa kawaida hutoa cha mwaka mmoja. Kati ya 160/100 na 179/109 hutolewa cha miezi 3, mara moja tu, ili dereva akatibiwe. Ikifika 180/110, hapewi mpaka ishuke. Wapo wanaoacha vidonge siku ya uchunguzi ili wasionekane wagonjwa, na hao ndio presha huwapanda mbele ya mchunguzi. Meza dawa zako kama kawaida, acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu asubuhi hiyo, na beba orodha ya dawa zote na dozi zake. Anayetumia insulini aende na fomu MCSA-5870 iliyojazwa na daktari anayemtibu ndani ya siku 45 zilizopita. Daktari huyo naye atataka kumbukumbu za sukari za miezi 3 kutoka kwenye mashine inayohifadhi vipimo, kwa hiyo maandalizi yaanze mapema.

Tangu 23 Juni 2025 matokeo ya wenye CDL yanatakiwa kutumwa kwa mtandao hadi ofisi ya leseni ya jimbo. Baadhi ya majimbo yalichelewa kuunganishwa, hivyo omba nakala ya karatasi na uhakikishe kumbukumbu yako imesasishwa kabla cheti cha zamani hakijaisha.

Sasa kikombe cha pili. Kipimo cha DOT hutafuta makundi matano: bangi, kokeni, amfetamini, opioidi na PCP (dawa ya kuleta maruweruwe). Utamwaga vilivyomo mifukoni na kunawa mikono, na maji ya choo yatatiwa rangi. Mkojo usipungue mililita 45: 30 za chupa ya kwanza, 15 za chupa ya akiba. Ndani ya dakika 4 hupimwa joto, liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Likiwa nje ya hapo, sampuli nyingine huchukuliwa mara moja huku mtu anakutazama. Chupa zifungwe mihuri mbele ya macho yako kabla hujatia saini, usikubali vingine. Mkojo usipotosha unapewa muda usiozidi saa 3 na maji yasiyozidi wakia 40. Kujijaza maji kabla ya kufika hakusaidii: mkojo ukiwa mwepesi kupita kiasi, unaweza kutakiwa kurudia.

Kosa linaloumiza hata wasiotumia chochote ni kuondoka. Mtu amechoka kusubiri, au bosi anampigia akaupeleke mzigo, anatoka kabla utaratibu haujaisha. Hiyo kwa kawaida huhesabiwa kukataa kupimwa, na adhabu yake ni ileile ya kukutwa na dawa.

Maabara ikiona kitu, daktari mhakiki, anayejulikana kwa herufi MRO, humpigia dereva kabla ya kuiarifu kampuni matokeo. Pokea namba usizozijua siku hizo. Kampuni ikishakuambia umtafute, una saa 72, na zikipita kimya anaweza kuthibitisha matokeo bila kukusikiliza. Saa 72 nyingine, tangu akujulishe, ni za kudai chupa ya akiba ipimwe katika maabara tofauti.

Kodeini ya kikohozi au ya maumivu uliyopewa kihalali, hata nyumbani Afrika, inaweza kuelezwa, lakini jiandae kuthibitisha: tunza cheti cha daktari na kopo lenye jina lako. Vidonge vya mkeo au mumeo havitetewi. Bangi iliyohalalishwa na jimbo haitambuliwi na DOT, na "nilitumia mafuta ya CBD tu" si utetezi. Miraa haimo katika makundi matano, ila kathinoni iliyo ndani yake imo katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku kishirikisho, na dereva wa lori haruhusiwi kuitumia wala kuwa nayo kazini.

Mwenye lori lake binafsi naye anahusika. Hawezi kujipangia mwenyewe vipimo vya kushtukizwa, ni lazima ajiunge na kundi linalosimamiwa na wakala.

Aliyeshindwa huandikwa kwenye Clearinghouse, hifadhidata ya FMCSA ya makosa ya dawa na pombe, na tangu 18 Novemba 2024 majimbo yanatakiwa kumwondolea haki ya CDL mpaka arekebishe. Njia ya kurudi hupitia mtaalamu wa matatizo ya dawa za kulevya aitwaye SAP, elimu au tiba, kipimo cha kurudi kazini cha kutazamwa, kisha vipimo visivyopungua 6 katika miezi 12 ya kwanza. Rekodi hukaa miaka 5, au zaidi kama hatua hizo hazijakamilika. Dereva huiona rekodi yake bila malipo, na akikuta taarifa isiyo sahihi anaweza kuwasilisha ombi la kuirekebisha kupitia DataQs, mfumo wa mtandaoni wa FMCSA.