Je, wajua kwa nini skrini ya kompyuta huzima ghafla kisha ikarudi yenyewe?

Skrini ya kompyuta ya mezani inayozima sekunde mbili tatu kisha ikarudi, mara nyingi yenyewe ni nzima. Kabla hujaipeleka kwa fundi, ngoja izime tena na utazame kitaa, yaani taa ndogo iliyo ukingoni mwake.

Kitaa kikizimika, umeme haufiki. Kikibadilika rangi au kikaanza kumweka, umeme upo ila picha haifiki kutoka kwenye kompyuta. Kikibaki vilevile, punguza mwanga chumbani na umulike tochi karibu na skrini, kwa mshazari. Ukiona maandishi kwa mbali, basi picha ipo na taa za nyuma ya skrini ndizo zimekatika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Picha isipofika, hapa Mombasa anza na kebo. Hewa inayokula nondo za madirisha Nyali na Mji wa Kale ndiyo hiyohiyo inayoingia kwenye plagi za kompyuta: ina unyevunyevu na chumvi. Pini hushika utando mwembamba unaozuia umeme. Mashine ikipata joto vyuma hutanuka, ikipoa hunywea, na pini iliyolegea hugusa na kuachia. Ndiyo sababu tatizo halina saa maalumu, na likifika kwa fundi hujificha.

Kebo ya HDMI ina pini 19 na kwa kawaida haina skurubu, kwa hiyo uzito wake wenyewe huivuta. Ikiachia hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta na skrini hulazimika kutambuana upya, na weusi unaouona ni muda huo wa kutambuana. Kebo ya VGA, ile ya zamani yenye pini 15, hutoa onyo mapema kupitia rangi. Picha ikigeuka ya manjano, pini ya buluu haishiki. Ikiwa ya zambarau inayoelekea waridi, ni pini ya kijani isiyoshika.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Chomoa kebo ya picha pande zote mbili. Lowesha kidogo brashi laini kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usugue pini taratibu, uache zikauke kabisa. Spiriti ya rangi ya dukani haifai, huacha mabaki. Rudisha kebo, VGA uikaze skurubu zote mbili kwa vidole, HDMI uiachie ulegevu isining'inie. Weusi ukirudi, azima kebo nyingine, kisha jaribu tundu lingine la skrini. Kadi ya picha, ile inayotengeneza picha ndani ya kompyuta, nayo yaweza kuchomolewa na kusafishwa meno yake ya dhahabu vivyo hivyo, lakini usiyakwangue.

Kama kitaa kilizimika, angalia nani anashiriki soketi. Friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mara moja na volti hushuka. Ipe kompyuta soketi yake, na usukume vizuri plagi iliyo nyuma ya skrini; hulegea kuliko watu wanavyodhani.

Weusi unaokuja wakati wa mchezo au kuhariri video, feni zikivuma kwa nguvu, ni habari ya joto au pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Toa vumbi kwanza. Kadi ya picha inayotaka zaidi ya wati 75 haitoshelezwi na tundu la ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta) peke yake, hivyo kagua waya wake wa ziada kama umekaa sawasawa.

Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, nayo huzingua. Kwenye Windows, bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Picha ikirudi, shuku draiva. Kwa uhakika zaidi, andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue kumbukumbu za mfumo (Windows Logs, kisha System), utafute namba 4101. Hiyo huandikwa kadi inapokosa kujibu, kwa kawaida baada ya sekunde 2, na draiva ikaanzishwa upya. Weka draiva mpya, au urudi kwenye ile ya zamani kama tatizo lilianza baada ya kusasisha.

Kisanduku cha pawa saplai usikifungue hata kikiwa kimechomolewa. Umeme wa volti 240 ukishageuzwa ndani yake hupita volti 300, na kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, huushikilia baada ya kuzima.