Utamaduni ni nini? Maana yake katika anthropolojia

Neno "utamaduni" likitajwa, wengi wetu tunaona ngoma, mavazi ya sherehe na vinyago ndani ya kabati la kioo. Matamasha yametuzoesha hivyo. Katika anthropolojia, yaani elimu inayochunguza binadamu na maisha ya jamii zake, vitu hivyo ni kipande kidogo tu. Huko, utamaduni ni yote ambayo mtu hakuzaliwa nayo bali aliyapata kwa kuishi na wenzake: anavyokaa kitako, anavyosimama karibu au mbali na mgeni anapozungumza naye, kinachomchekesha, kinachomtia aibu, na hata anachokiona kuwa ni uchafu.

Neno lenyewe linaweza kutupotosha. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi mmoja na "madina", yaani mji, kwa hiyo ndani yake mna harufu ya maisha ya mjini na maendeleo. Ndiyo maana bado kuna wanaosema fulani "hana utamaduni", wakimaanisha hajaelimika au hajastaarabika. Kwa mwanaanthropolojia kauli hiyo haina maana. Mtu anaweza kukosa adabu. Hawezi kukosa utamaduni, labda awe kichanga aliyezaliwa leo asubuhi.

Maana inayonukuliwa zaidi ni ya mwanaanthropolojia Mwingereza Edward Tylor, ya mwaka 1871. Alisema utamaduni ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo mwingine ambao binadamu huupata akiwa mwanajamii. Orodha ni ndefu, lakini uzito wote umo katika neno "huupata". Haumo kwenye damu. Baadaye wengi walitoa maana zao, hata mwaka 1952 wanaanthropolojia wa Marekani Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn wakakusanya zaidi ya 150. Mwanafunzi asizikariri. Akishika kwamba utamaduni hujifunzwa, kwamba watu huushiriki, na kwamba hubeba maana, ameshika kiini.

Hilo la kujifunza lina kina kuliko tunavyodhani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mtaalamu wa jamii Mfaransa Marcel Mauss alikuwa mkalimani kwenye jeshi la Uingereza. Akaona jambo la ajabu: askari wa Kiingereza hawakuweza kuchimba kwa mabeleshi ya Kifaransa. Divisheni, yaani kikosi kikubwa, ya Kiingereza ilipopokea zamu kutoka kwa ya Kifaransa, ilibidi mabeleshi 8,000 yabadilishwe. Wote walikuwa na mikono miwili na mgongo mmoja, na udongo ulikuwa uleule. Lakini kila upande ulikuwa umezoea mkao wake, mshiko wake, namna yake ya kuzungusha kiwiko, na hakuna aliyekumbuka ni lini alijifunza. Malezi ya kiutamaduni hufanya kazi hivyo: mtoto hutazama, huiga, husahihishwa, halafu husahau kwamba aliwahi kufundishwa. Anabaki akiamini kwamba hivyo ndivyo mwili ulivyo.

Kuhusu kubeba maana, mfano bora ni wa jicho. Mwanaanthropolojia Mmarekani Clifford Geertz aliutumia mwaka 1973, akiuazima kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle. Wavulana wawili wanafumba jicho moja kwa haraka. Wa kwanza jicho linamcheza tu, wala hakukusudia. Wa pili anamkonyeza rafiki yake ili wafanye jambo kwa siri. Wapige picha: kope zimeshuka sawasawa. Kisha anatokea wa tatu, anakonyeza kwa kejeli ili kumcheka anayekonyeza vibaya. Ni kope zilezile, lakini mambo ni matatu. Anayeandika tu kwamba "jicho lilifumbwa" hajaandika lolote la maana. Kazi ya mwanaanthropolojia ni kueleza kwa nini waliokuwepo walijua papo hapo lipi ni lipi.

Maana hiyo haisimami peke yake. Mwaka 1887 mwanaanthropolojia Franz Boas alibishana na wasimamizi wa makumbusho nchini Marekani waliopanga vitu kwa aina: manyanga yote rafu moja, pinde zote rafu nyingine, bila kujali yametoka kwa nani. Boas alisema manyanga ya watu hawa huenda ni ya kupiga kelele tu, na ya watu wale ni chombo cha ibada. Yapange pamoja na vitu vingine vya wenyewe ndipo utayaelewa.

Hapo ndipo tunapokutana na kosa la kuwapima wengine kwa kipimo cha kwetu. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, alieleza mwaka 1937 habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliopumzika kivulini mwake. Wazande husema ni uchawi. Msomaji wa haraka atacheka: kumbe hawajui mchwa hula nguzo? Wanajua vizuri sana. Swali lao ni jingine: kwa nini lianguke saa hiyohiyo, wakiwa wamekaa watu hawahawa? Mchwa hawajibu swali hilo. Wengine wetu tungesema "bahati mbaya", na sioni kama hilo ni jibu zaidi ya lao.

Kuelewa kwanza, kuhukumu baadaye: hiyo ndiyo kanuni waliyoisisitiza Boas na wanafunzi wake. Haina maana kwamba kila desturi ni njema, ingawa wanataaluma wenyewe wameyumba hapo. Mwaka 1947 bodi ya chama cha wanaanthropolojia wa Marekani iliuandikia Umoja wa Mataifa ikitilia shaka wazo la haki za binadamu zilizo sawa kwa wote. Mwaka 1999 chama hichohicho kilitoa tamko la kuzitetea.

Siku hizi hata neno lenyewe linashukiwa. Mwanaanthropolojia Lila Abu-Lughod aliandika mwaka 1991 kwamba kusema "utamaduni wa watu fulani" huwafanya waonekane wote ni wamoja, waliosimama palepale, na hujenga ukuta kati ya "sisi" na "wao". Ana hoja. Waulize watu kumi wa ukoo mmoja kuhusu desturi ileile, utapewa majibu yanayogongana, na wazee wawili wanaweza kugombana mbele yako juu ya lipi ndilo la asili. Mtafiti makini huandika na ugomvi huo.