Je, wajua? Uso wa "shamefaced" uliingia kwa makosa

Mwingereza akisema mtu fulani yuko "shamefaced", maana yake mtu huyo ameona aibu mpaka inasomeka usoni. "Shame" ni aibu, "face" ni uso. Na sisi tunaosema uso umeumbwa na haya hatuoni ajabu yoyote hapo. Kumbe uso haukuwamo kabisa!

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, neno lilikuwa "scamfæst". Sehemu zote mbili ni za ukoo wa lugha za Kigermaniki, na ndugu zao bado wako hai: Wajerumani huita aibu "Scham", na kitu kilichokaza hukiita "fest". Basi "scamfæst" alikuwa mtu aliyeshikwa barabara na haya, hathubutu kuvunja adabu. Ilikuwa sifa hiyo, tena sifa njema.

Kipande hicho cha "fæst" kilipachikwa kwenye maneno mengi. "Soðfæst" alikuwa msema kweli, na "stedefæst" mtu asiyebanduka mahali pake, ndilo "steadfast" la leo. Baadaye "fast" ikazoeleka zaidi kwa maana ya mbio. Mabadiliko hayo hayapaswi kutushangaza, maana hata sisi hukaza kamba na kukaza mwendo kwa kitenzi kilekile. Ila "shamefast" ikawa kama fumbo: aibu yenye mbio ndiyo aibu gani? Katika miaka ya 1500 watu wakaanza kusikia "faced" badala ya "fast". Sauti zinakaribiana, na kwa kuwa aliyeaibika huonekana usoni, kosa likaleta maana kuliko usahihi.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa bado na umbo la zamani. Katika 1 Timotheo 2:9, wanawake wanaambiwa wajipambe kwa "shamefastnesse", pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inasema "adabu nzuri". Matoleo ya baadaye yakachapa "shamefacedness", na adabu ikageuka kuwa kitu cha sura tu. Wahariri wa mwaka 1881 walilirudisha neno la awali, lakini walikuwa wamechelewa. Mitaani "shamefaced" ilikwisha kuzoeleka, na maana yake ilikwisha kuhama kutoka kwa mwenye haya hadi kwa aliyefumaniwa.