Harara za kaskazi: maswali tunayoulizwa na majibu yake

Kaskazi ikishaingia, Desemba mpaka Machi hivi, Tanga hulali bila shuka kulowa jasho. Ndipo maswali ya harara yanapoanza, kwa wazazi na kwa watu wazima vilevile.

Mwanangu ana wiki tatu, ametoka vipele shingoni na mgongoni. Nitajuaje kama ni harara?

Tazama vilipo. Harara hupenda penye jasho lisilopata pa kutokea: mikunjo ya shingo, kwapani, kinenani, mgongo anaoulalia. Vijishimo vya jasho vya mtoto mchanga havijakomaa. Vikiziba, jasho hubaki chini ya ngozi na kutokeza vipele vidogo. Vingine huwa kama matone ya maji, havimuwashi. Vingine ni vyekundu na vinawasha. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi hauonekani, basi pitisha kiganja: utahisi kama umegusa mchanga. Na mtoto mwenyewe ananyonya vizuri, hana homa.

Surua ni kitu kingine. Huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio. Upele ule wa kuambukizana nao huwasha zaidi usiku, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna.

Nampaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mbona vinazidi?

Vinazidi kwa sababu ya hayo mafuta. Ya nazi, ya mgando, yote yanaziba palepale palipokwisha ziba.

Nimempokea mtoto wa Makorora, mchana wa Februari, amevalishwa kofia ya sufu, soksi na fulana mbili, juu kafungwa blanketi. Nilipomfunua shingo nikakuta poda imechanganyika na jasho na mafuta, imekuwa kama uji ulioganda. Mama alisema mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Mikono ya kichanga huwa baridi tu, haikwambii kitu. Shika kisogo au kifua: pakiwa na jasho, mpunguzie nguo.

Tulimvua, tukamwogesha maji ya kawaida bila sabuni, tukamkausha kwa kugusagusa mikunjo, tukamlaza juu ya khanga ya pamba. Hakuandikiwa dawa. Poda iacheni kabisa, vumbi lake linaingia kifuani mwa mtoto.

Joto hili, nimpe na maji?

Chini ya miezi sita, hapana. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Bibi yake anataka tumpake liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa kwa maji.

Shikamoo yake bibi, lakini kwa kichanga nasema tusubiri. Liwa ikikauka inaganda kwenye mikunjo, na maji ya kusagia huenda si safi. Mtu mzima ambaye ngozi haijachubuka, akiipenda ajipake.

Mimi ni dereva wa bodaboda, inaniwasha kifuani na kiunoni kama nachomwa sindano.

Koti zito na mkanda wa suruali, kaka. Kina dada huipata chini ya matiti, hasa dera likiwa la kitambaa kisichonyonya jasho. Vaa pamba, oga maji baridi, badilisha fulana ikilowa. Losheni ya kalamaini hupunguza muwasho. Zile krimu za tyubu zenye steroidi usijinunulie ovyo, wala usimpake mtoto bila kuandikiwa.

Niende hospitali lini?

Vipele vikitunga usaha, ngozi ikivimba au ikiuma, au siku tatu nne zikapita mahali pa baridi bila nafuu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, au akikataa kunyonya, au akilegea, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Umeme ukikatika na feni ikasimama?

Fungua madirisha, chandarua kibaki. Ondoa ule mpira unaotandikwa chini ya shuka, maana huo unapika mgongo, kisha mfute mtoto shingo na kwapa kwa kitambaa kilicholowa maji.