Bima pungufu: kwa nini taasisi ya umma hulipwa kidogo kuliko hasara yake

Bima pungufu ni hali ya mali kukatiwa bima kwa kiasi kilicho chini ya thamani yake kamili. Taasisi nyingi za umma, ziwe halmashauri, vyuo, hospitali au mamlaka za maji, zina bima ya namna hii bila kujua, kwa sababu upungufu hauonekani mpaka siku ya kudai fidia.

Watu wengi hudhani kwamba jengo la milioni 420 likikatiwa bima ya milioni 300, hasara yoyote iliyo chini ya milioni 300 italipwa yote. Sivyo. Karibu kila mkataba wa bima ya moto na mali una sharti la uwiano: unagawanya kiasi cha bima kwa thamani halisi ya mali, kisha unazidisha kwa hasara. Ukikata bima ya nusu ya thamani, kampuni inakuhesabu kuwa umejibebea mwenyewe nusu nyingine, hata kama kilichoungua ni chumba kimoja.

Sasa tuchukue mstari mmoja wa rejesta ya mali. Bweni, limekamilika 1994, gharama ya ujenzi milioni 95, uchakavu umegawanywa kwa miaka 50. Kufikia 2024 vitabu vinasoma milioni 38, na namba hiyohiyo ndiyo iliyonakiliwa kwenye fomu ya bima. Kulijenga upya kwa bei za leo, tuseme, ni milioni 420. Upepo unang'oa paa na matengenezo yanahitaji milioni 60. Hesabu ni 38 gawanya kwa 420, mara 60: milioni 5.43. Kama mkataba unaitaka taasisi ibebe milioni 5 za mwanzo katika kila tukio, kinachobaki ni takriban 430,000. Ada ya bima imelipwa kila mwaka, na fidia haitoshi hata mabati.

Mhasibu hakukosea. Thamani ya vitabuni hutayarishwa kwa ajili ya hesabu za mwisho wa mwaka, na kazi yake ni kupungua. Bei ya soko nayo haifai, kwani ndani yake mna ardhi, na ardhi haiungui. Namba inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya, na ndani yake mnaingia mambo yanayosahaulika: kubomoa kilichobaki na kuondoa kifusi, ada za wasanifu na wahandisi, vibali, kodi ambazo taasisi haiwezi kurudishiwa, na matakwa ya kanuni mpya za ujenzi kama milango ya dharura au njia za viti vya magurudumu ambazo jengo la zamani halikuwa nazo. Mkadiriaji majenzi ndiye mtu wa kuifanya kazi hii. Tathmini kamili kila baada ya miaka 3 hadi 5, na katikati yake kupandisha namba kila mwaka kufuatana na bei za ujenzi, inatosha kwa taasisi nyingi.

Bei hupanda pia wakati bima inaendelea. Moto unaweza kutokea siku ya mwisho ya mkataba wa miezi 12, kisha yakaja michoro, zabuni, rufaa za wazabuni na ujenzi wenyewe. Miaka 3 inapita kwa urahisi. Kwa mfumuko wa asilimia 8 kwa mwaka, milioni 420 zimeshakuwa kama milioni 529. Soma mkataba uone thamani inapimwa siku gani: siku ya hasara au siku ya kujenga upya. Baadhi ya mikataba huachilia sharti la uwiano iwapo kiasi cha bima kimefikia asilimia 85 ya thamani. Ni kipengele kizuri cha kuomba wakati wa zabuni ya bima.

Zabuni yenyewe ndiyo chanzo kingine cha tatizo. Bajeti ikibana, kishawishi ni kupunguza kiasi cha bima ili ada ishuke. Hapo ni bora kuacha kiasi kilivyo na kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya mwanzo ya kila hasara, kisha kutenga fungu la kuilipia. Dirisha lililovunjika taasisi italimudu. Jengo la wodi haitalimudu. Mwenye majengo mengi yaliyotawanyika anaweza pia kuomba kikomo cha hasara kwa tukio moja, maana hayawezi kuungua yote usiku mmoja, lakini bado lazima atangaze thamani kamili ya kila jengo.

Yasiyomo kwenye orodha ya mali zilizokatiwa bima ni balaa zaidi, kwa kuwa hayo hayalipwi kabisa. Mara nyingi ni vifaa vya wafadhili vilivyopokelewa bila kupita ofisi ya ununuzi, paneli za jua zilizofungwa juu ya paa baada ya bima kukatwa, na majengo yaliyorithiwa taasisi mbili zilipounganishwa. Anayesaini hati ya kupokea mali ndiye anayepaswa kumjulisha ofisa wa bima, wiki hiyohiyo.

Magari huhesabiwa tofauti: kwa kawaida hukatiwa bei ya soko. Bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ya kulipia madhara ambayo taasisi inawasababishia, haina uwiano, ina kikomo tu.

Kuna mtego mmoja unaozinasa taasisi zilizofanya yote haya vizuri. Vipengele vingi vya kulipwa gharama ya ujenzi mpya hutaka kazi ikamilike ndani ya miezi 12 tangu hasara itokee, la sivyo malipo hushushwa hadi thamani baada ya kutoa uchakavu. Kwa taratibu za ununuzi wa umma muda huo hautoshi. Omba nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha, na upate jibu la kampuni kwa maandishi vilevile. Ahadi ya simu haihesabiki.