Karanga zinazoota kabla ya kung'olewa

Karanga zikikomaa huku mvua bado inanyesha, ng'oa shina moja uvunje ganda. Mara nyingi utakuta kimzizi cheupe kimeshatoboa ngozi ya punje. Punje hiyo haiuziki wala haifai tena kwa mbegu, na ganda lililopasuka huwapa nafasi kuvu wanaotoa sumukuvu. Mvua ina lawama yake, lakini tatizo limeanzia kwenye jeni.

Karanga zinazolimwa zina makundi mawili makubwa. La kwanza husimama wima, hutoa maua hata kwenye shina kuu na hukomaa mapema, kati ya siku 90 na 110. Mbegu zake karibu hazilali kabisa. Zikipata unyevu tu, zinaota. La pili mara nyingi hutambaa, shina lake kuu halitoi maua, na huhitaji siku 120 au zaidi. Mbegu zake hulala wiki kadhaa baada ya kuvunwa, hata ukizimwagilia.

Tofauti ya maua imehusishwa na jeni iitwayo TFL1, ambayo kazi yake ni kuzuia chipukizi lisigeuke ua. Jeni hiyo ikiharibika, shina kuu nalo huchanua. Kulala kwa mbegu kuna mkondo wake: homoni za mmea ndizo zinazovutana, asidi ya absisiki huituliza mbegu, jiberelini na ethilini huiamsha, na jeni nyingi huamua nani atamshinda mwenzake.

Sisi tunaozalisha aina mpya za karanga tunatafuta karanga ya mapema inayolala wiki 2 au 3 tu. Ikilala zaidi ya hapo, anayetaka kupanda tena mara baada ya mavuno ataambulia shamba lenye mapengo. Kwa hiyo tunachavusha makundi haya mawili, kisha tunachambua watoto wao.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ngozi ya punje ni mwili wa mama. Kiinitete kilichomo ndani ndicho mtoto. Punje ikigoma kuota juu ya karatasi yenye maji, bado hujui kama usingizi ni wake au amefunikwa nao na mama yake. Itabidi uipande, uvune punje zake, uzipime zikiwa mbichi, na msimu mzima umekwisha.

Vipimo vya vinasaba vinatuokolea muda huo. Tunakata kipande kidogo upande wa punje ulio mbali na kimzizi na kukipima maabara. Punje ikionekana imebeba jeni tunazozitaka, hiyo hiyo, ikiwa na kovu lake, inapandwa.