Je, Wajua kwa Nini Uzi wa Nyatiti Haulii kwenye Gita la Umeme?

Benga, muziki wa gita wa Waluo wa Kenya, ilizaliwa pale vidole vilivyozoea mapigo ya nyatiti, kinubi cha Waluo, vilipohamia kwenye gita. Mapigo yalihama, lakini nyuzi haziwezi kuhama. Funga uzi wa nailoni wa nyatiti kwenye gita la umeme, ucharaze, na spika itabaki kimya hata ukifungulia amplifaya hadi mwisho.

Sababu ni kwamba gita hilo, tofauti na maikrofoni, halinasi sauti ya hewani. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huivuruga nguvu ya sumaku, na hapo umeme huzalika kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Nailoni haiigusi sumaku kabisa. Hata ukilifunga nyuzi za gita la kawaida lisilo la umeme, zile nne nene zilizoviringishwa shaba, zitalia kwa unyonge huku mbili nyembamba za chuma kitupu zikipiga kelele.

Kwa hiyo madini ndiyo ya kuangalia kwanza ukitafuta sauti. Chuma kilichopakwa nikeli ndicho cha kawaida, na kinafaa karibu kila muziki. Nikeli tupu hulia kwa upole. Chuma cha pua kina sauti kali, tena hakishiki kutu upesi, jambo la maana kwa anayepiga usiku kucha kwenye joto la Kisumu, jasho likimtiririka vidoleni.

Namba iliyo kwenye pakiti ya nyuzi ni habari ya mkono zaidi. Namba 9 maana yake uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, una unene wa inchi 0.009. Kwenye gita la umeme aina ya Stratocaster, uzi huo ukikazwa sawasawa huvuta kama kilo 6. Wa namba 10 huvuta zaidi ya 7. Pakiti hiyohiyo ukiifunga kwenye gita aina ya Les Paul, ambayo nyuzi zake ni fupi kidogo, utaiona imelegea.

Kwa solo ya benga, inayokimbia huko juu bila kupumzika, mimi ningechukua namba 10. Tisa hupindika kirahisi, lakini mkono mzito huiyumbisha, na noti zikatoka nje ya sauti. Ukipanda hadi 11, mpelekee fundi gita akaze chuma kilicho ndani ya shingo, la sivyo shingo itapinda na nyuzi zitainuka mbali na vidole.